Jirani Hakufika Ziwani

Wiki jana mliniacha garini nje ya nyumba ya Ardis, theluji inajaa kwenye kioo, najiuliza niingie au nigeuze nirudi kwangu.

Niliingia. Laiti ningegeuza.

Kwa aliyechelewa kunifuata: mimi ni Marlys, mjane. Mume wangu Wendell alikufa Februari kwenye ziwa letu hapa kaskazini mwa Minnesota, barafu ilipovunjika chini ya miguu yake. Mchana ule alikuwa na kaka yangu Dale kwenye kibanda chao cha kuvulia samaki. Waligombana, Dale akaondoka. Dale anaapa kwamba alipokuwa akiondoka aliona mtu anakuja kwa miguu kutoka ufukweni. Hakuna aliyemwamini. Wanasema Dale mwenyewe ndiye aliyemsukuma Wendell.

Kesi yake ya mauaji inaanza kesho, Jumatatu. Wakili wake, kila nikimpigia, ananijibu yaleyale: "Niletee mtu mmoja tu aliyekuwa ziwani baada ya Dale. Mmoja. Bila huyo, kaka yako harudi nyumbani."

Na kuna lile nililowaambia ninyi peke yenu. Wendell alizoea kulala kibandani, kwa hiyo usiku ule sikumtafuta. Asubuhi ndiyo nilimkuta. Alikuwa amejivuta nusu nje ya maji, viwiko vimegandia kwenye barafu, mkono wa kulia mtupu umenyooshwa mbele, na glavu ya mkono huo ameing'ata kwenye meno.

Niliichomoa. Nikamfunika nayo vidole, kwa sababu sikutaka watu wamkute mkono wazi kwenye baridi ile. Ndipo nikawapigia polisi.

Sikumwambia wakili. Sikumwambia Dale. Nililiona ni jambo langu na Wendell, halimhusu mtu.

Sasa twendeni sebuleni kwa Ardis, kwenye mkutano wa chama chetu cha vitabu.

*

"Marlys, mwenzangu, tungekiruka hiki kitabu," LaVonne aliniambia mlangoni, ananipokea koti. LaVonne ni mke wa Orrin, mkuu wa polisi wa wilaya yetu, na kwa miaka yote amekuwa na huruma ya kupokea makoti.

"Tukiruke, kwani kimemuuma nani?"

"Watu watasema hatuna utu."

"Watu hao hao wameshasema kaka yangu ni muuaji. Waache wapumzishe midomo."

Ardis akatoka jikoni na birika la kahawa. Ndiye mkuu wa maktaba ya mji, mama wa miaka sabini na kitu, na anatuendesha kama darasa la watoto watukutu. "Hakirukwi kitu," akasema. "Vitabu tulivichagua Januari kwa mwaka mzima. Nimeombaomba nakala nne kwenye maktaba tatu. Kaeni."

Januari Wendell alikuwa hai. Nani angejua kwamba Novemba ingetukuta na riwaya ya mtu aliyekufa kwenye ziwa lililoganda? Inasimuliwa na watu wanne: mke, daktari, binti wa kambo na jirani. Wote wanne wanamsimulia marehemu mmoja, wote wanne ni waongo, na msomaji anaachwa apapase gizani mwenyewe.

Bev alikuwa ameshakaa karibu na moto, glasi ya divai mkononi. Bev ni jirani yangu na shoga yangu tangu shule. Dirisha la jikoni kwake linatazama ziwa. Tangu tumzike Wendell, kila Jumanne ananiletea bakuli la viazi na nyama ya kusaga, limefunikwa vizuri, bado la moto. Hajakosa hata Jumanne moja.

"Njoo ukae kwangu hapa," akaniambia. "Umekonda. Lile bakuli unampa paka?"

"Paka kanenepa, shoga yangu. Tatizo ni mimi."

Tukacheka. Mkumbuke kwamba tulicheka.

Chama chetu kina kanuni zake, na Ardis hazichezei. Kitabu kikiwa na wasimulizi wengi, kila mmoja wetu anachomoa jina la msimulizi kutoka kwenye kopo la zamani la kahawa. Uliyemchomoa ndiye wewe mchana ule. Unasimama, unajitetea kwa "mimi," unasimulia yaliyotokea kama uliyekuwepo. Wenzako wakikushuku kwamba umeongeza chumvi, wanapiga kelele: "Ukurasa!" Hapo ufungue kitabu uwaonyeshe palipoandikwa. Ukishindwa, vyombo vyote vya siku hiyo ni vyako.

Kopo likanipitia. Nikachomoa.

Mke.



"Tubadilishane," Bev akasema haraka. "Mimi nimepata jirani. Chukua jirani."

"Habadilishi mtu," akasema Ardis.

"Ardis, una moyo wa jiwe au wa chuma?"

"Nina moyo wa mkutubi. Daktari, simama."

LaVonne akasimama, akakohoa kidaktari, akasema, "Mimi nilimpima marehemu wiki moja kabla, moyo wake ulikuwa mbovu."

"Ukurasa!" Bev akapiga kelele.

LaVonne akapekua, akauonyesha, akainua kidevu. "Umeona? Mimi nasoma, siyo kama wengine wanaoangalia jalada."

Ardis, aliyechomoa binti wa kambo, alimaliza ya kwake bila kukamatwa. Nani angethubutu? Zamu ikawa yangu. Nilisimama na kitabu kifuani. Nilikuwa nimekisoma mara mbili. Kwa mtu ambaye kaka yake yuko mahabusu, kusoma habari za watu wanaodanganya vizuri ni kama kujifunza ufundi wa adui.

"Nilimpenda mume wangu," nikaanza.

"Ukurasa," akasema Ardis.

Nikafungua. Nikatafuta. Nikatafuta tena. Mke wa kitabuni anaeleza jinsi alivyompikia, alivyomfulia, alivyomsubiri. Hilo moja halisemi hata mara moja. Nilikuwa nimelitoa kwangu.

"Vyombo vyako, mama!" LaVonne akacheka, kisha akajiziba mdomo.

"Haidhuru," nikasema, nikakaa.

Bev akasimama. Akanywa divai iliyobaki yote. Uso ulikuwa umemwiva kwa joto la moto, na macho yalikuwa mahali pengine.

"Mimi ni jirani," akasema. "Niliona kutoka dirishani kwamba mmoja ameondoka na mmoja amebaki. Nikavaa koti nikaenda. Nilitaka tuongee tu, tuyamalize. Barafu ilikuwa inalia chini, mnajua inavyolia. Akanifuata nyuma, ananiambia nisiende upande ule, na ni yeye aliyezama."

"Mtamu huyu jirani," LaVonne akanong'ona. Lakini sikuusikia utani kwenye sauti yake.

"Alirudi juu. Aliniita jina. Akaivua glavu kwa meno, akabaki ameing'ata, akaninyooshea mkono mtupu. Nikautazama ule mkono. Ningeinama tu ningeufikia."



Masikio yangu yakaziba. Nilimwona Ardis anafungua mdomo, anacheka, anapiga meza kwa kiganja, na sauti yake ikanifikia kama inatoka chini ya maji.

"Ukurasa! Ukurasa, Bev! Hiyo umeitoa wapi?"

Bev akashtuka kama aliyeamshwa. Akafungua kitabu chake, vidole vinaparamia karatasi. Kwenye kurasa za mwanzo kilianguka kijikaratasi cha ratiba ya ibada, alichokiweka kukumbuka alipoishia. Ardis akakiokota na kukiinua juu.

"Jamani! Hajafika hata nusu! Miaka yote hii unatudanganya hivi hivi?"

"Nilikuwa na kazi nyingi," Bev akasema.

"Kazi gani! Mwanangu, jirani hakufika ziwani. Alimeza dawa akalala, asubuhi ndiyo anaambiwa. Ndiyo siri yenyewe ya kitabu, wote wanamshuku na yeye ndiye pekee ambaye hakuwepo! Vyombo! Wewe na Marlys, jikoni!"

Kila mwanachama wa chama cha vitabu duniani amewahi kufika mkutanoni hajamaliza kitabu. Wote tunafanya hivyo: unakisia, unajaza mapengo kwa vya kwako, unaomba Mungu usiulizwe. Bev alijaza. Nami ndiye niliyejua alichojazia.

*

Jikoni Bev alifungua maji ya moto, akamwaga sabuni nyingi mno. Mimi nikashika taulo. Nilifunga mlango kwa kisigino.

"Bev."

"Niache kidogo, nimeaibika."

"Glavu kwenye meno. Umeitoa wapi?"

"Ah, ile? Nilikuwa nasikiliza kitabu kwenye redio ya gari, kile kinachosomwa na waigizaji. Nimechanganya tu."

"Kwenye hicho pia jirani amelala. Maneno ni yaleyale."

Akasugua kikombe kimoja mpaka nikadhani atakitoboa.

"Basi nitakwambia," akasema, bila kunitazama. "Sikutaka kukuumiza. Wewe mwenyewe uliniambia. Usiku wa mazishi. Ulikuwa umemeza vidonge vyako vya usingizi, ukaongea mpaka ukalala mapajani mwangu. Hukumbuki?"

Sikumbuki. Hiyo ni kweli tupu. Usiku wa mazishi kwangu ni shimo; najua niliamka kwenye kochi na blanketi la Bev juu yangu. Huenda nilisema. Mtu akiwa na vidonge viwili tumboni anasema mengi.

Na nitawaambia ukweli unaonikera mwenyewe: nilitaka kumwamini. Kwa dakika ile nilitaka kuliko nilivyotaka kitu chochote. Kama nilimwambia, basi Bev ni Bev, yale mabakuli ni mabakuli, na nina rafiki mmoja katika mji huu. Kama sikumwambia, basi mtu ambaye wakili anamtafuta amesimama karibu yangu na mikono yake imejaa povu.

Dale au Bev. Kichwani mwangu mizani ilikaa hivyo, haikutaka kukaa vingine.

"Nilikwambia nini kingine?" nikamuuliza.

"Hicho tu. Kwamba ulimkuta ameing'ata."

"Na kwamba alimnyooshea mtu mkono?"

Kikombe kikateleza kikazama kwenye povu.

Mlango ukafunguliwa. LaVonne aliingia na sahani za keki. "Mnanong'ona nini, kama wasichana nyuma ya kanisa?"

"Bev anasema nilimwambia mimi habari ya glavu ya Wendell," nikasema. Nilisema polepole, namtazama.

LaVonne hakuuliza glavu gani. Aliziweka sahani chini, moja juu ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa.

"Ah, hiyo? Marlys, usimsumbue mwenzio. Hiyo nilimwambia mimi. Orrin aliniambia nyumbani, alisikitika sana. Alipofika pale alimkuta marehemu na glavu mdomoni. Mwanamume akishindwa kubeba peke yake anamtupia mkewe. Nami nikamtupia Bev. Nisamehe."

Jikoni kulikuwa na joto, lakini nilihisi baridi ya Februari inanipanda kutoka kwenye nyayo.

Alipofika.

Orrin alipofika, glavu ilikuwa kwenye vidole vya mume wangu. Niliiweka mimi, kwa mikono yangu hii. Nilisikia ile sauti ndogo sufu iliyoganda ilipobanduka kwenye meno, na mpaka leo siwezi kuchana kitambaa. Orrin aliukuta mdomo wa Wendell mtupu.

Nikamtazama Bev. Bev alikuwa anamtazama LaVonne kama mtu anayeona gari linakuja na hawezi kupiga kelele. Bev ananiambia alisikia kwangu. LaVonne ananiambia Bev alisikia kwake. Wamewahi kupanga jambo hili wawili hawa, lakini hawakulipanga vizuri.

"Kwa hiyo ni wewe," nikamwambia LaVonne. "Siyo mimi."

"Ni mimi."

"Bev, mbona umesema ni mimi?"

"Nimechanganyikiwa," Bev akasema. "Jamani, kichwa kinaniuma."

"Yeye na divai hawapatani," LaVonne akasema, tena kwa tabasamu. Akanishika bega. "Na wewe kesho una siku ndefu, dada. Usijichoshe na mambo ya vitabu."

*

Gari likaingia uani. Nililijua hata kabla taa hazijapita dirishani, ile injini yake inayonguruma. Orrin huja kumchukua mkewe kila mkutano, na huja mapema ili akute keki.

"Nani kashindwa leo?" tukamsikia sebuleni, anagonga viatu kutoa theluji.

"Bev!" Ardis akajibu kwa furaha. "Kaja na kitabu hajakisoma, katutungia cha kwake!"

"Mwizi huyo. Nimfunge?"

"Mfunge! Lakini amalize vyombo kwanza."

Akaingia jikoni, mrefu mpaka anainamisha kichwa mlangoni, theluji kwenye mabega, jaketi la kazi wazi. Ndiye aliyemvisha kaka yangu pingu kwenye baraza ya mama yetu, akamwambia, "Pole, Dale, kazi ni kazi." Ndiye atakayepanda kizimbani kesho kuwa shahidi wa kwanza.

"Marlys. Unaendeleaje?"

"Ardis!" nikaita. "Njoo hapa kidogo. Nataka usikie."

LaVonne akanikazia macho. "Asikie nini?"

Ardis akaja na kopo lake la kahawa mkononi, bado anatabasamu. Alipotuona tulivyosimama, tabasamu likamtoka.

"Orrin," nikasema. "Asubuhi ile ulipofika ziwani. Glavu ya Wendell ulimkuta nayo wapi?"

"Marlys, mpenzi, hapa siyo..." LaVonne akaanza.

"Usimsaidie. Aseme mwenyewe."

Ni swali dogo. Akisema kwenye vidole, mkewe ni mwongo mbele yetu wote, na Bev inabidi aeleze alimwona wapi mume wangu ameing'ata. Kesho wakili ana mtu wake. Dale anarudi nyumbani. Neno moja tu, "vidole."

Orrin kwanza alimtazama mkewe.

LaVonne alichukua kitambaa cha mkono akajipangusa midomo. Haikuwa na kitu. Akaipangusa tena.

"Mdomoni," Orrin akasema. "Alikuwa ameing'ata. Kwani hukumbuki, Marlys? Ulikuwa umesimama pale pale."

"Mdomoni," nikarudia.

"Ulikuwa unalia, huoni vizuri. Hakuna anayekulaumu." Sauti yake ilikuwa laini, ile ile ya barazani kwa mama. "Na ningekuwa wewe, dada, nisingesimama kesho mbele ya jaji kuzungumzia mambo ya kumgusagusa marehemu. Watu watauliza aliguswa na nani, na kwa nini. Tayari wanaye mmoja wa familia yenu."

Sikuwa nimesema kwamba nilimgusa. Hakuna mtu jikoni mle niliyemwambia kwamba nilimgusa.

Nilimgeukia Ardis. Alikuwa amelikumbatia kopo, macho yanatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. "Sielewi," akasema. "Mnaongea habari ya kitabu?"

Mke na mume walikuwa wananitazama kwa upole, wote wawili wanakumbuka vizuri kuliko mimi. Nikahisi akili yangu yenyewe inaanza kuniponyoka: labda sikuichomoa. Labda niliota. Labda Wendell alizikwa na glavu kwenye meno, na Dale ni muuaji, na mimi ni mwanamke wa vidonge anayesoma vitabu vingi kupita kiasi.

"Basi, yamekwisha," Orrin akasema, akanyoosha mkono kuchukua kipande cha keki. "LaVonne, vaa koti."

Bomba lilikuwa bado linatiririka. Bev alikuwa ametugeuzia mgongo, mikono imezama kwenye povu mpaka viwiko. Akalifunga bomba.

"Ukurasa," akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Unasemaje?" Orrin akauliza, keki mkononi.

Bev akageuka. Maji yalikuwa yanamdondoka vidoleni, sakafuni, juu ya viatu vyake vizuri vya Jumapili. Macho yake yalikuwa kwangu.

"Nimesema ukurasa, Orrin. Waonyeshe palipoandikwa. Au nisome mimi?"